Sonona na Hatari ya Kujiua kwa Wagonjwa wa Maradhi ya Kudumu: Mwongozo kwa Wahudumu wa Kliniki

Mzee mmoja aliyekuwa akihudhuria kliniki yetu ya kisukari kwa miaka kadhaa alifika asubuhi moja akiwa na mashine yake ya kupimia sukari, akaiweka mezani pangu pamoja na vijiti vilivyobaki, akasema, "Mpeni mwenzangu atakayeihitaji." Nilimshukuru kwa ukarimu wake, nikamwandikia tarehe ya kurudi, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Aliyeshtuka ni dada wa mapokezi, ambaye alimkuta ameketi kwenye benchi la nje bila haraka ya kwenda popote, akamwamkia, akaketi naye. Haikupita robo saa mzee akamwambia kwamba siku ile alikuwa amekuja kuaga. Nilipofungua faili lake baadaye niliona kwamba kwa miezi minne mfululizo tulikuwa tumeandika maneno mawili tu mbele ya kiwango cha sukari kilichokuwa kikipanda: "hafuati masharti". Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwongozo huu unawahusu wauguzi, matabibu, washauri nasaha na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaowaona kila mwezi watu wenye kisukari, shinikizo la damu, VVU, kifafa, selimundu, saratani au figo zilizofeli. Ikiwa wewe unayesoma ndiye unayesumbuliwa na mawazo ya kujiua, usibaki peke yako leo: mwambie mtu mmoja unayemwamini kwa maneno yaliyo wazi, mwombe akae nawe, na akusindikize hadi kituo cha afya kilicho karibu. Kwa walioko Kenya, shirika la Befrienders Kenya husikiliza watu walio katika hali hiyo.

Kwa nini kliniki ya maradhi ya kudumu ndiyo mahali pake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na maradhi ya muda mrefu pamoja na maumivu yasiyokwisha ni miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari hiyo. Mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata sonona, yaani huzuni nzito inayodumu na kuondoa raha ya maisha, kuliko asiye nacho. Uhusiano huo unakwenda pande zote mbili, kwa sababu aliyekata tamaa huacha dawa, hukosa usingizi, hula ovyo au hali kabisa, ugonjwa wake hupanda, na kupanda kwa ugonjwa humthibitishia kwamba hakuna faida ya kujitunza. Mgonjwa huyo hatakwenda hospitali za magonjwa ya akili, kama Mirembe ya Tanzania au Mathari ya Kenya, kwa hiari yake. Kwetu sisi, hata hivyo, anakuja kila mwezi, na mara nyingi sisi ndio watu pekee wenye taaluma ya afya anaozungumza nao mwaka mzima. Ndiyo maana ninashikilia kwamba swali kuhusu hali ya moyo wake linapaswa kuulizwa palepale penye mashine ya presha, na mtu yuleyule anayeishika mashine hiyo.

Hatua ya kwanza: kuisikia lugha ya mgonjwa

Wachache mno watasema "nina sonona". Neno hilo ni la vitabuni na la redioni. Mgonjwa atakwambia ana mawazo mengi, kichwa kinawaka moto, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, chakula hakina ladha, au usingizi unakatika saa 9 usiku na haurudi. Wengine husema "nimekuwa mzigo kwa watoto", "nasubiri siku yangu", au "bora nipumzike". Maneno haya yana heshima na upole ndani yake, nasi tumezoea kuyajibu kwa "usiseme hivyo, mzee wangu, Mungu yupo", tukidhani tumemfariji. Mara nyingi tumemfungia mlango.

Nchini Zimbabwe, wazee wa kike waliofundishwa kutoa ushauri kwenye mabenchi ya vituo vya afya, katika mpango ulioanzishwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda mwaka 2006, walianza na neno la Kishona "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, badala ya jina la ugonjwa la kitabibu. Neno letu "mawazo" linafanya kazi hiyohiyo. Mgonjwa akikubali kwamba mawazo yamemzidi, mmekwishaanza.

Zipo pia ishara zisizosemwa: kugawa vitu vyake, kulipa madeni yote kwa ghafla, kukabidhi hati za shamba, kuacha dawa alizokuwa akizinywa bila kukosa, kukoma kuhudhuria vikundi, na utulivu wa ghafla baada ya wiki nyingi za mahangaiko. Muwe macho zaidi katika nyakati zinazojulikana kuwa ngumu: wiki za mwanzo baada ya kuambiwa ugonjwa, kuanza insulini, kukatwa mguu, kuanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kuachishwa kazi, kukimbiwa na mwenza, na siku chache baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali.

Hatua ya pili: kuchuja kwa maswali mawili, kisha tisa

Anza na maswali mawili kwa kila mgonjwa, angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu na kila mara hali yake inapobadilika. La kwanza, katika wiki 2 zilizopita, ni mara ngapi amekosa hamu au raha ya kufanya mambo? La pili, ni mara ngapi amejisikia mwenye huzuni, mnyonge au asiye na matumaini? Kila jibu lina alama 0 kwa "hapana kabisa", 1 kwa "siku kadhaa", 2 kwa "zaidi ya nusu ya siku hizo" na 3 kwa "karibu kila siku". Jumla ikifika 3, endelea na dodoso lote la maswali tisa ya kupima sonona, liitwalo PHQ-9, ambalo lina tafsiri ya Kiswahili na limetumika kwa wagonjwa wa Kenya na Tanzania. Jumla yake huanzia 0 hadi 27, na kwa kawaida 5 hadi 9 huhesabiwa kuwa sonona hafifu, 10 hadi 14 ya wastani, 15 hadi 19 ya wastani inayoelekea kuwa kali, na 20 au zaidi kali.

Mtego mkubwa uko hapa. Uchovu, kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi na kusogea polepole kama mwili umelemewa ni dalili za sonona, lakini ni dalili pia za figo zilizofeli, upungufu wa damu, kisukari kisichodhibitiwa na VVU iliyokomaa. Mhudumu anaweza kukosea kwa kuiita kila dalili sonona, au, jambo ninalolishuhudia mara nyingi zaidi, kwa kuupa ugonjwa wa mwili lawama zote na kuiacha sonona bila tiba. Tegemea zaidi yale ambayo ugonjwa wa mwili peke yake hauyaleti kirahisi: kupoteza raha hata katika mambo aliyoyapenda, kujiona hana thamani, kujilaumu kupita kiasi, kukata tamaa na kutamani kifo. Bibi aliyechoka kwa sababu ya figo bado atafurahi mjukuu akimkimbilia, ilhali mwenye sonona atakwambia kwa aibu kwamba hata mjukuu hamfurahishi tena.

Kabla hujathibitisha, pima wingi wa damu na sukari, fikiria tezi ya shingo, na kumbuka kwamba metformini ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12. Angalia dawa pia. Efavirenzi iliyokuwa ikitumika sana kwa VVU, saikloserini ya kifua kikuu sugu, na dawa za jamii ya steroidi zinaweza kuvuruga hali ya akili. Uliza kuhusu pombe bila kuhukumu.

Swali la tisa la dodoso linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote lililo juu ya 0 linadai mazungumzo siku hiyohiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Hatua ya tatu: kuuliza waziwazi

Wahudumu wengi huogopa kwamba kuuliza kuhusu kujiua kutampandikizia mgonjwa wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haina msingi: tafiti zilizolichunguza jambo hili hazikuona kwamba kuuliza kunaongeza mawazo hayo, na wagonjwa wengi huonyesha nafuu ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Tafuta faragha kwanza. Chumba chenye pazia, huku wengine wakisubiri upande wa pili, si faragha. Kama hakuna chumba, tokeni mkakae chini ya mti. Mwombe ndugu aliyemsindikiza asubiri kidogo. Mweleze mapema kwamba atakayosema yatabaki kati yenu, isipokuwa pale maisha yake yatakapokuwa hatarini, ambapo utamshirikisha mtu wa kumsaidia na utamwambia kabla ya kufanya hivyo. Usiahidi siri usiyoweza kuitunza.

Kisha shuka ngazi moja baada ya nyingine. "Mama, watu wengi wanaougua muda mrefu hufika mahali wakaona maisha yamewaelemea, wewe umewahi kufika hapo?" "Kuna siku unatamani ulale usiamke?" "Umewahi kufikiria kujiua?" Neno "kujiua" litamkwe kama lilivyo, kwa sauti ya kawaida, ukimtazama. Usiulize kwa kukanusha, kama vile "hujafikiria mambo mabaya, sivyo?", kwa sababu swali la namna hiyo limekwishampa jibu unalotaka kulisikia. Akikubali, uliza mawazo hayo huja mara ngapi, kama amefikiria atafanyaje na lini, kama kuna alichokwishaandaa, kama aliwahi kujaribu zamani, na kama anaweza kukifikia kwa urahisi kitu cha kujidhuru. Malizia kwa swali ambalo kwangu lina uzito kuliko yote: "Ni nini kimekushikilia mpaka leo?" Jibu lake, liwe mtoto wa mwisho, imani, au ng'ombe asiye na wa kumlisha, ndilo mtakaloanzia kujenga.

Nyamaza anapolia. Usimwambie kwamba ni dhambi. Analijua hilo, na huenda ndilo linalomzuia kusema. Usimtishie polisi. Nchini Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni za Adhabu bado kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na baadhi ya wagonjwa huficha ukweli kwa kuhofia hilo. Nchini Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 kilichohusu kosa hilo ni kinyume cha Katiba. Popote ulipo, anayekueleza mawazo yake ni mgonjwa aliyekuja kutibiwa.

Hatua ya nne: kupima uzito wa hatari na kuchukua hatua inayolingana

Mwenye matamanio ya kufa yanayopita, asiye na mpango wala historia ya kujaribu, na mwenye watu wanaomzunguka, anaweza kurudi nyumbani na mpango wa usalama, akaonwa tena ndani ya wiki. Mwenye mawazo ya mara kwa mara, au aliyewahi kujaribu, aongezewe mtu wa kukaa naye aliyemkubali mwenyewe, na aonwe ndani ya siku chache na mtaalamu wa afya ya akili wa wilaya au mkoa.

Mwenye mpango, nia na njia, au aliyejaribu hivi karibuni, asiachwe peke yake hata kwenda chooni. Mweke kwenye chumba tulivu kisicho na dawa wala vifaa vyenye ncha, umwite ndugu anayemwamini, na upige simu wewe mwenyewe kwenye hospitali ya rufaa ili wajue anakuja. Kumpa barua na nauli na kumwambia apande basi si rufaa. Asindikizwe na mhudumu au ndugu aliyeelezwa wazi kinachoendelea, na dawa zake za maradhi ya mwili ziende naye, kwa kuwa nimeona mgonjwa wa kisukari akifika wodi ya akili salama kisha akakaa siku 2 bila insulini.

Kama tayari amejidhuru au amekunywa kitu, hiyo ni dharura ya kitabibu kwanza: apelekwe kitengo cha dharura mara moja, hata kama anaonekana mzima.

Hatua ya tano: mpango wa usalama ulioandikwa

Mpango huu, ambao muundo wake umetokana na kazi ya wanasaikolojia wa Marekani Barbara Stanley na Gregory Brown, huandikwa kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, kwenye karatasi anayoweza kuikunja ndani ya kadi yake ya kliniki. Huanza na ishara zinazomwonyesha kwamba hali inakuja, kwa mfano, "nikianza kukaa gizani jikoni baada ya watoto kulala". Hufuatia mambo anayoweza kufanya peke yake, kama kuoga, kusali au kumwagilia mboga. Kisha watu na mahali pa kumwondoa kwenye mawazo. Kisha majina ya anaoweza kuwaambia ukweli. Kisha kituo cha afya na namba ya simu inayopokelewa kweli. Ipige namba hiyo mbele yake.

Sehemu ya mwisho ni kuyafanya mazingira ya nyumbani yawe salama, nayo ndiyo inayookoa maisha kuliko tunavyodhani, kwa sababu msukumo wa kujiua mara nyingi hupanda kwa muda mfupi kisha hushuka, na mtu aliyevuka saa hiyo ana nafasi nzuri ya kuishi. Mkubaliane nani atatunza dawa za nyumbani, na kama wana sumu za shambani ziondoke ndani ya nyumba, zifungiwe kwa jirani au kwenye stoo ya kikundi. Hapa ndipo mgonjwa wa maradhi ya kudumu anapotofautiana na wengine: sisi wenyewe ndio tunaomjazia dawa. Utaratibu wa kutoa dawa za miezi mitatu au sita umewapunguzia wengi safari, lakini kwa aliye hatarini usitishwe kwa muda, apewe za wiki moja au mbili, na insulini yake itunzwe na ndugu. Mweleze sababu kwa heshima, asije akadhani ameadhibiwa.

Hatua ya sita: kuitibu sonona yenyewe

Kwa sonona hafifu na ya wastani, mazungumzo yenye mpangilio hufanya kazi. Katika mabenchi ya Zimbabwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukihusisha watu 573 mjini Harare, takriban wawili kati ya kila watano wakiishi na VVU, ulionyesha kwamba waliopata vikao 6 vya kutatua matatizo kutoka kwa wahudumu wasio wataalamu walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Utaratibu wake unaweza kufuatwa popote: mgonjwa hutaja matatizo yake yote, huchagua moja linalowezekana, hupanga hatua ndogo ya kufanya kabla ya kurudi, na kikao kijacho huanza kwa kuitazama hatua hiyo. Kwa mama aliyeacha kwenda sokoni tangu akatwe kidole cha mguu, hatua ya kwanza inaweza kuwa kuketi kibarazani kila jioni, na isizidi hapo.

Sonona inayoelekea kuwa kali huhitaji pia dawa. Fluoksetini na amitriptilini hupatikana katika hospitali nyingi za serikali, na daktari au tabibu aliyefunzwa ndiye wa kuziandika. Kabla ya hapo, uliza kama mgonjwa aliwahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala bila kuchoka na kutapanya fedha, kwani huenda ana ugonjwa wa akili wa vipindi viwili na dawa hizo zikamvuruga. Fluoksetini inaweza kushusha sukari kwa anayetumia dawa za kisukari, na haifai kuchanganywa ovyo na tramadoli. Amitriptilini ihofiwe kwa mwenye ugonjwa wa moyo na kwa mzee mwenye shida ya kukojoa. Tena, kipimo kidogo kinachotolewa kwa ganzi na kuwaka kwa miguu si tiba ya sonona, ingawa kwenye faili kinaonekana kama tayari anatibiwa.

Mwambie mgonjwa wazi kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, kwamba kichefuchefu cha mwanzo hupungua, na kwamba asiache ghafla. Mwone kila wiki mwanzoni, hasa kijana, kwa kuwa nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya matumaini. Akipona, dawa huendelea kwa miezi 9 hadi 12, kisha hupunguzwa kidogo kidogo.

Kutibu maumivu ni sehemu ya kutibu sonona. Mgonjwa wa saratani anayelala akilia kwa maumivu hahitaji kwanza ushauri. Anahitaji morfini ya kutosha. Vivyo hivyo kwa njaa na deni la matibabu, ambapo ofisa ustawi wa jamii anaweza kufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi.

Hatua ya saba: kufuatilia

Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 5, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha watu 1,867 waliofikishwa vitengo vya dharura baada ya kujaribu kujiua, uliwapa nusu yao mazungumzo ya takriban saa 1 na kuwasiliana nao mara 9 ndani ya miezi 18. Waliokufa kwa kujiua katika kundi hilo walikuwa asilimia 0.2, dhidi ya 2.2 katika kundi lililopata huduma ya kawaida. Simu fupi na ziara ya nyumbani ni vitu ambavyo zahanati yoyote inaweza kumudu.

Kwa hiyo wekeni daftari dogo, lifungiwe kabatini, lenye namba za faili na tarehe za kupiga simu. Simu ya kwanza iwe kesho yake, kisha kila wiki kwa mwezi mmoja, kisha kila mwezi. Asipotokea kliniki, apigiwe siku hiyohiyo, bila kusubiri orodha ya watoro ya mwisho wa mwezi. Mpeni mtu mmoja kwa jina jukumu hilo, na mwingine wa kumshikia akiwa likizo. Andikeni kila mara mlichouliza, alichojibu na mlichokubaliana, ili mhudumu wa zamu nyingine asianze upya wala asiandike tena "hafuati masharti".

Ikitokea mgonjwa akafariki kwa kujiua, mtu mmoja wa kliniki aende msibani, akawape pole wafiwa na kuwaambia mlango uko wazi kwao, kwa kuwa wao pia sasa wako hatarini. Wahudumu waliomwona wakutane ndani ya siku chache, wasimuliane kilichotokea bila kumtafuta mkosaji, na atakayehitaji kupumzika apumzishwe. Wagonjwa wenzake wa kundi moja waulizwe, mmoja mmoja, maswali yaleyale ya hatua ya tatu.